Macho ya Mkunga Kayitesi

Baba yangu na baba yake Kayitesi ni ndugu, na baba yake ndiye mkubwa. Kwa hiyo Kayitesi ni dada yangu, ingawa amenizidi miaka mitatu tu. Tulikulia Bweranyange kwenye kibanja kimoja, nyumba mbili zikitazamana katikati ya migomba na mibuni, na wote wawili tulianza kutoona mbali tukiwa shule ya msingi. Macho yangu yalikuwa afadhali. Yeye alikuwa anaweza kumpita mama yake mzazi njiani bila kumsalimu. Watu wakasema binti huyu ana maringo, mpaka siku alipomwamkia shikamoo mti wa mparachichi uliofunikwa na kanga iliyoanikwa. Siku hiyo ndipo baba mkubwa alipompeleka kupimwa, akarudi na miwani nzito kama kitako cha chupa.

Akasoma na miwani hiyo, akawa muuguzi na mkunga. Akaolewa na Rwegoshora, mkulima wa kahawa, mtu mpole asiyemaliza maneno matatu kwa siku, wakahamia upande wa Kyerwa, kata ya Kibingo. Mimi, Ingabire, nikawa mwalimu wa jiografia hapa Kayanga. Kwa miaka kumi na miwili dada alizalisha wanawake katika zahanati moja ya kijijini huko. Kuna watoto wanaitwa Kayitesi, jina la Kinyarwanda, ambao wazazi wao ni Wanyambo kabisa, wenyeji wa huku, hawana hata shangazi wa mbali mwenye asili ya Rwanda. Walipewa jina lake kwa sababu mikono yake ndiyo iliyowapokea.

Miwani ilimsumbua kazini. Chumba cha kujifungulia kina joto, jasho likitiririka miwani inateleza hadi ncha ya pua, na huwezi kuisukuma ukiwa na glavu zenye damu. Siku moja mama aliyekuwa kwenye uchungu alirusha mkono, miwani ikaruka, yeye mwenyewe akaikanyaga akiitafuta. Alimaliza uzazi ule uso wake ukiwa karibu kugusa mapaja ya mgonjwa. Aliponisimulia alicheka, lakini alisema, "Mdogo wangu, nikizeeka kidogo tu nitamwangusha mtoto wa mtu."

Mwaka 2021 kaka yetu Theoneste, anayeishi Kanada, alitupigia simu. Yeye mwenyewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa leza, miwani ameitupa. Alisema atatulipia sote wawili tufanyiwe Dar es Salaam. Kayitesi alisita. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimpigia kila Jumapili baada ya ibada, nikimsomea mambo niliyoyaona kwenye simu: dakika kumi tu, hakuna kulazwa, asubuhi unaamka unaona. Yote hayo yalikuwa kweli, na kwangu yalitimia. Ndiyo maana nasema niliyemshawishi ni mimi.

Tulisafiri kwa basi mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa. Siku mbili barabarani, miguu imevimba. Kliniki ilikuwa ghorofani, baridi ya kiyoyozi, sakafu inang'aa. Walitupima kwa mashine moja baada ya nyingine. Mwishoni muuguzi mmoja akatuambia kwamba mashine ya kuchora ramani ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikuwa imeharibika. Fundi alikuwa anatarajiwa baada ya wiki mbili.

"Unene wa konea tumeshaupima, unatosha," alisema. "Daktari anasema tunaweza kuendelea. Lakini kama mnapenda, mnaweza kusubiri."

Kayitesi alinigeukia. Yeye ni mtu wa hospitali, anajua maana ya kipimo kukosekana. "Unaonaje? Tusubiri?"

Nikamwambia, "Dada, tumekaa kwenye basi siku mbili. Wiki mbili tutalala wapi hapa? Si wamesema unatosha?"

Akachukua kalamu, akasaini.

Upasuaji wenyewe haukuuma. Wanakudondoshea dawa ya ganzi, wanakubana kope zisifunge, wanakata utando mwembamba juu ya jicho na kuufunua kama kifuniko. Halafu unaambiwa utazame taa. Ukungu unatanda, mashine inalia tiki-tiki, unasikia harufu kama ya nywele zinazoungua. Kifuniko kinarudishwa, basi. Kesho yake tulisimama dirishani, dada akasoma maandishi kwenye lori lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi, huku machozi yakimtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba mkubwa.

Miezi sita ya mwanzo ilikuwa ya furaha. Aliniambia hakujua kwamba kutoka uani kwake unaweza kuona mgomba mmoja mmoja kwenye kilima cha ng'ambo. Siku zote aliona kilima cha kijani tu. Alimwona Rwegoshora akirudi kutoka kwenye mibuni, akamtambua kwa mbali kwa jinsi anavyobeba panga. "Nimeolewa na mtu anayechechemea kidogo," aliniambia kwenye simu. "Miaka kumi sikujua."

Macho yalikuwa yanakauka, hilo walituonya. Hata yangu yalikauka. Tulitembea na vichupa vya matone kwenye pochi. Yangu yalipona kabla ya Krismasi. Yake hayakupona. Ikifika jioni, kila taa ya pikipiki aliiona imezungukwa na duara na miiba, kama jua lililochorwa na mtoto. Akaacha kurudi nyumbani jua likizama. Nilimwambia itaisha, maana na hilo nililisoma kwenye simu.

Haikuisha. Baada ya mwaka maandishi yakaanza kuwa na kivuli. Aliona herufi, na chini yake herufi nyingine iliyofifia, imeteremka kidogo upande. Alipima miwani Kayanga, akapewa namba ndogo, akafurahi kwamba si kubwa. Baada ya miezi mitatu ile miwani haikumfaa tena. Akapima nyingine, nayo vilevile. Mpima macho akamwambia, "Mama, macho yako yanabadilika haraka kuliko ninavyoandika." Kila nilipompigia alisema ni uchovu tu, zahanati ina wauguzi wawili na wajawazito hawaishi.

Yaliyotokea baadaye nilisimuliwa na Benadeta, muuguzi kijana anayefanya naye kazi, kwa sababu dada mwenyewe hakutaka kunieleza.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya wiki kama nyingine. Mama wa uzazi wa pili alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, analia vizuri. Kayitesi alimfuta mtoto, akamfunika, akageuka kwenye trei ya dawa kuchukua vitamini K ambayo watoto wachanga huchomwa. Kwenye trei hiyo palikuwa na kichupa kingine, kinafanana kwa ukubwa, cha dawa ya mama ya kubana kizazi. Alichukua kimoja, akakivunja shingo, akavuta dawa kwenye sindano. Akamshika mtoto paja. Kisha akasimama hivyo hivyo, sindano mkononi, kwa muda ambao Benadeta alidhani anasali.

"Benadeta," alisema taratibu, "hebu nisomee hiki kichupa."

Benadeta aliacha ndoo, akaja, akakichukua. Akasoma. Akakigeuza, akasoma tena.

"Sema tu."

"Ni ile ya mama, dada."

Kayitesi aliweka sindano kwenye trei. Akamfunika mtoto tena, akampeleka kifuani kwa mama yake. Yule mama alikuwa hajui lolote, alikuwa anauliza kama uji uko tayari. "Mchome wewe," dada alimwambia Benadeta. "Na ule mchaniko wa mama, ushone wewe. Mimi naona nyuzi mbili." Akavua glavu, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la kliniki katikati ya wajawazito waliokuja kupima, na wao wakamwamkia kama kawaida.

Mchana alikwenda kwa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, Kamugisha, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alimweleza yote. Kamugisha alifunga mlango.

"Mtoto amechomwa?" aliuliza.

"Hapana."

"Mama ana shida?"

"Hana."

"Basi hakuna kilichotokea, Kayitesi. Unaandika nini? Ukiandika, wataniuliza kwa nini nina mkunga asiyeona. Watakuondoa, na mwingine hawataleta. Hawa wanawake watazalia kwenye migomba."

"Naandika, mzee. Leo nimesimama. Kesho huenda nisisimame."

Aliandika taarifa kwa mkono wake. Benadeta anasema mistari ilikuwa imepanda juu kama inakimbilia ukingo wa karatasi. Kamugisha aliisoma, halafu akaipigia muhuri. Tangu siku hiyo dada hakuingia tena kwenye chumba cha kujifungulia kama mkunga. Alipewa kliniki ya wajawazito na chanjo, na kwenye chanjo Benadeta ndiye anayevuta dawa.

Nilikwenda naye Mwanza kumwona daktari wa macho. Daktari wetu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alimweka dada mbele ya mashine, na kwenye skrini ikatokea ramani ya rangi. Sehemu kubwa ilikuwa ya kijani na bluu, lakini chini ya katikati kulikuwa na doa jekundu. Macho yote mawili, na la kushoto lilikuwa baya zaidi.

"Leza hupunguza unene wa konea," alitueleza. "Namba ya miwani ikiwa kubwa, inapunguza zaidi. Kwa watu wengi kinachobaki kinatosha. Kwako kimelegea. Shinikizo la ndani ya jicho linakisukuma, kinachomoza mbele, ndiyo maana unaona vivuli. Si jambo la kawaida, lakini lipo, na tunalijua."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Nikauliza, "Ramani hii ingepigwa kabla ya upasuaji, ingeonekana?"

Daktari alinitazama. "Huenda. Wapo ambao konea zao zina udhaifu tangu mwanzo, ramani inauonyesha, tunawaambia wabaki na miwani. Wapo ambao ramani ilikuwa safi na bado ikatokea. Ya kwake hatutaijua."

Nilitamani aseme ndiyo, au aseme hapana.

Tiba ipo, alisema, lakini hairudishi kilichopotea. Inakaza konea isiendelee kulegea. Akatuandikia barua ya hospitali nyingine ya Dar es Salaam, si ile kliniki. Tukarudi tena barabarani. Walimkwangua ngozi ya juu ya jicho, wakamdondoshea dawa ya njano ya vitamini kwa nusu saa, kisha wakammulika kwa mwanga wa zambarau. Jicho la kushoto kwanza, la kulia baada ya miezi mitatu. Maumivu yalikuja jioni ganzi ilipoisha. Kwa siku tatu alilala chumba cha wageni tulichopanga, kitambaa kimefunga uso, akikataa chakula, akisema jicho limejaa mchanga wa moto. Mimi nilikuwa namwekea matone na kumshika mkono. Mtu aliyewashika mkono wanawake wengi kiasi kile alikuwa hajui kushikwa. Kila baada ya muda aliuchomoa.

Siku ya tatu, maumivu yalipopungua, nilimwambia. Nilikuwa nimelibeba karibu miaka miwili.

"Dada, siku ile kliniki uliniuliza tusubiri. Mimi ndiye niliyekataa."

Alikuwa amelala chali. "Nakumbuka."

"Kama tungesubiri..."

"Ingabire, niache nipumzike."

Nilianza kulia. Akanisikia. Akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi zamu mbili, "Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi pale, wewe ulikuwa mwalimu wa jiografia. Nilijua kipimo hakipo, nikasaini. Nilichoka na basi kama wewe, na nilitaka kuona. Sasa unataka nikusamehe, halafu nikubembeleze, na jicho langu liko hivi. Sina nguvu hizo leo. Nipe maji."

Nilimpa maji. Hatujalizungumza tena, na sijui kama amenisamehe. Ananipigia simu kama zamani, ananiletea maharage mapya ya msimu, na akisikia nimeugua anakuja. Labda huko ndiko kusamehe kwenyewe, au labda ni undugu tu.

Theoneste tulimficha. Kila alipopiga simu ya video alikuwa anauliza, "Vipi macho yangu hayo?" kwa sababu aliyaita yake. Nasi tukajibu mazima, mazima. Kayitesi aliketi mahali penye mwanga hafifu asionekane anavyokunja uso. Jumapili moja mwaka jana, Theoneste akiwa katikati ya kumsifu, dada alimkatiza. "Kaka, macho yamekataa. La kushoto ni bovu, la kulia ni nusu. Sizalishi tena." Theoneste akauliza kwa nini hatukumwambia. Dada akamjibu, "Ulitoa kwa moyo. Tulichoka, tukaona tuchoke peke yetu." Theoneste alilia waziwazi, mwanaume wa miaka hamsini, koti la kazini bado mwilini. Baada ya hapo walizungumza mambo ya kibanja cha Bweranyange, nani anapalilia na nani ameiba mkungu.

Sasa dada anavaa lenzi ngumu, vijikombe viwili vidogo anavyoviweka juu ya jicho asubuhi kwa kutumia kioo cha mkononi. Akiwa navyo anaona vizuri, anasoma hata kadi za kliniki. Shida ni kwamba hawezi kukaa navyo siku nzima. Macho yake bado ni makavu, na kwetu kuanzia Juni vumbi la barabara linaingia kila mahali. Punje moja ikiingia chini ya lenzi anasimama katikati ya sentensi, machozi yanamtiririka, wajawazito wanadhani amepata msiba. Saa nane anazivua. Baada ya hapo dunia inarudi kuwa ukungu wenye vivuli, naye anarudi nyumbani nyuma ya bodaboda wa siku zote, ambaye humwambia majina ya wanaowapungia mkono, ili awajibu.

Jikoni Rwegoshora alitoboa dirisha jingine ili moshi utoke. Hakumwambia mtu, alikuja tu na nyundo siku moja, akavunja ukuta. Siku hizi ndizi anamenya yeye, maana dada alijikata mara mbili. Anakaa nje na beseni, kimya, maganda yanaanguka miguuni, na wanaume wanaopita wanamtania. Yeye anaendelea kumenya.

Mwalimu mwenzangu Verdiana, binti wa miaka ishirini na mitano, alitaka naye afanyiwe leza. Kwa kuwa mimi ninaona bila miwani mpaka leo, alinifuata mimi. Nilishindwa kumwambia fanya, nikashindwa kumwambia usifanye. Nikampeleka Kibingo. Alimkuta dada amevua lenzi, amejilaza kwenye mkeka na kitambaa kibichi machoni.

"Shikamoo dada. Samahani kwa kukusumbua."

"Marahaba. Karibu ukae. Namba yako ni ngapi?"

"Nne na nusu."

"Imebadilika mwaka huu?"

"Kidogo."

"Basi usiende mwaka huu. Isubiri itulie. Ukienda, waambie wakupige ramani ya konea. Wakisema mashine imeharibika, chukua begi lako urudi. Hata kama umetembea siku mbili. Waulize pia unene utakaobaki baada ya leza. Wasikutajie uliopo tu, wakutajie utakaobaki. Wakikujibu vizuri, na ramani ikiwa safi, fanya. Huyu Ingabire alifanya, mtazame."

Verdiana alinitazama. Mimi nilitazama uani.

"Dada, unajuta?" aliuliza.

Kayitesi aligeuza kitambaa upande wenye ubaridi. "Nilipata miezi sita. Nilikiona kilima kile na migomba yake. Wakati mwingine nasema bora nisingekiona, ningebaki na miwani yangu na kazi yangu. Wakati mwingine sisemi hivyo. Inategemea nimelalaje." Kisha akamuuliza kwao ni wapi, na kama mvua imenyesha.

Verdiana bado anasubiri namba itulie.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada tena Mwanza kwa kipimo cha mwaka. Tuliondoka alfajiri, tukalala Mwanza, kesho yake tukakaa kwenye foleni mpaka saa saba. Daktari yule yule aliweka ramani mbili kwenye skrini, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Doa jekundu lilikuwa pale pale.

"Haijasogea," alisema. "Hali ni ile ile."

"Ile ile ni nzuri?" dada aliuliza.

"Kwa ugonjwa huu, ndiyo. Ile ile ndiyo tunayoitaka."

Dada alishukuru, akachukua karatasi yake, akaikunja mara nne. Nje jua lilikuwa kali. Alivua lenzi akiwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, akaziweka kwenye kikopo chake chenye maji ya dawa, akafunga macho. Nilimuuliza kama tule kwanza au twende stendi.

"Twende stendi," alisema. "Nitakula nyumbani."

Akanishika kiwiko, tukavuka barabara.